Maziwa ya Mke wa Mtengeneza Ngozi

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Yemen palikuwa na nyumba iliyojivunia jambo ambalo majirani zake hawakulijali. Katika nchi ile watu wa heshima hawakuona vibaya mtoto wao kunyonyeshwa na mwanamke mwingine. Wengi walimtafuta mnyonyeshaji kwa hiari yao, na mtoto alipokua alimwita mama. Lakini nyumba ya Bwana Ghalibu bin Mas-udi ilikuwa na kauli yake. Walisema hakuna mtoto wa ukoo wao aliyewahi kuonja maziwa ya mtu baki, na kwamba ndiyo maana wanaume wao walikuwa na sauti nzito na neno lisiloyumba.

Mlinzi wa kauli hiyo alikuwa Bibi Atika, mama yake Ghalibu, mwanamke wa sala na saumu, ambaye hakuwahi kumrudisha maskini mlangoni bila chakula. Ghalibu alikuwa na mke kabla ya huyu tutakayemtaja. Mke yule alijifungua, maziwa yakakauka, na mtoto akafariki. Bibi Atika alisema kwamba mwanamke asiyeweza kumlisha mwanawe hana baraka ndani ya nyumba, na haukupita muda mrefu Ghalibu akamtaliki.

Lubaba, mke wa pili wa Ghalibu, aliingia katika nyumba ile akiijua habari hiyo. Alipojifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mundhiri, homa kali ilimshika, na ilipomwachilia alijikuta kifua kikavu. Hakumwambia mtu. Kila mkwe wake alipoingia chumbani, alimweka mtoto kifuani, akamfunika kwa mtandio, akatabasamu. Mtoto akawa analia kila siku kwa sauti ndogo kuliko ya jana.

Nje ya ukuta wa mji, upande ambao upepo ulichukua harufu na kuipeleka jangwani, ndiko walikoishi watengeneza ngozi. Watu wa mjini hawakuwapa mkono wala hawakula nao sahani moja, ingawa maji waliyoyanywa yalitoka katika viriba vilivyoshonwa na watu hao hao. Miongoni mwao alikuwapo Shamma, mke wa Sabihi, aliyekuwa akipita milango ya nyuma kuuza viriba. Siku zile alikuwa ametoka kumzika mtoto wake mchanga, na mumewe alikuwa amekwenda milimani kununua ngozi mbichi, safari ya miezi.

Adhuhuri moja, watu wakiwa wamelala usingizi wa mchana, Shamma alisimama mlangoni kwa Lubaba na viriba vyake begani, akasikia kile kilio. Nguo yake ikalowa maziwa kifuani.

"Bibi, mtoto huyu haumwi," akasema. "Huyu ana njaa. Nipe."

Lubaba alimtazama mikono yake, iliyokuwa na rangi ya magome ya kutengenezea ngozi, akasita. Kisha akampa.

Ikawa hivyo kwa miezi mingi. Shamma alikuja na viriba vyake wakati wa usingizi wa mchana, mtoto akanyonya mpaka akashiba na kulala, na Bibi Atika akawaambia wageni wake, "Mtazameni mjukuu wangu alivyonenepa! Hayo ndiyo maziwa ya nyumba hii." Lubaba alimwapisha Shamma asimwambie mtu yeyote, hata mumewe, na Shamma akaapa. Hakutaka malipo. Alitaka jambo moja tu. "Akikua, mlete siku moja anisalimie. Hata asiambiwe kwa nini."

Lubaba hakumpeleka. Mwaka wa kwanza alisema mtoto bado mdogo. Baadaye alisema watu wataona. Kisha Shamma alimzaa binti, akaitwa Jumana, na binti huyo alipokuwa bado hajui kufunga ushungi wake mwenyewe, Shamma akafariki. Lubaba alilia siku ile, akasema kichwa kinamuuma.

Mundhiri akakua, akawa kijana mtulivu, mwandishi wa misahafu. Na kwa kuwa msahafu huhitaji jalada, alikuwa akitoka nje ya ukuta kwenda kwa Sabihi kuchagua ngozi. Siku moja alikuwa amekwisha kuchagua kipande chema, mara sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba, hicho kina tundu la kupe chini ya mkunjo. Mwambie kabla hajakichukua."

Sabihi akakifungua, akaliona tundu, akacheka. "Unaona, kijana wangu? Binti huyu atatufanya tulale na njaa."

Mundhiri alirudi nyumbani bila ngozi, na ile sauti ikakaa naye. Aliuliza habari za binti kwa njia ya heshima, akaambiwa kwamba anawafundisha watoto wa mtaa wake Kurani, na kwamba hajaposwa na mtu wa mjini wala hatarajii. Akaenda kwa wazazi wake, akawaomba wampelekee posa.

Bibi Atika ndiye aliyejibu kwanza. "Mjukuu wangu, wasichana wamekwisha mjini hata uende kumtafuta mmoja kwenye mashimo ya chokaa wanamolowekea ngozi?"

"Bibi, msahafu unaoubusu kila asubuhi umevaa ngozi ya mashimo hayo hayo."

Ghalibu alijikuta anacheka, akaziba mdomo. Mundhiri akamgeukia mama yake, kwa kuwa alimjua kuwa mtu mpole, asiyemtaja mtu kwa ubaya.

"Wale watu wananuka, mwanangu," Lubaba akasema. "Wananuka, na harufu yao haitoki hata wakioga."

Hata Bibi Atika aligeuka kumtazama, kwa kuwa maneno hayo aliyazoea kinywani mwake mwenyewe, si mwa mkaza mwanawe. Mundhiri akainamisha kichwa. Hakujua kwamba mama yake alikuwa ameokota jiwe lililokuwa karibu, kwa sababu lile la kweli hakuwa na nguvu ya kuliinua. Sheria ya dini aliijua vyema. Mwanamke akimnyonyesha mtoto mpaka akashiba, mara baada ya mara, amekuwa mama yake, mumewe amekuwa baba yake, na watoto wao wote ni ndugu zake, wa kabla na wa baadaye. Jumana alikuwa dada yake Mundhiri. Duniani kote, aliyelijua jambo hilo na bado yu hai ni Lubaba peke yake.

Mundhiri alikwenda kwa Kadhi Jubayri, mtu aliyeheshimiwa na wakubwa na wadogo, akamweleza. Kadhi akaja mwenyewe nyumbani, akaketi na Ghalibu.

"Una aibu gani na Sabihi?" akamuuliza. "Umemwona akipunja? Umemwona akiikosa sala?"

"Sijaona, Kadhi."

"Basi umeona nini?"

Ghalibu akaridhia. Bibi Atika alipoona mwanawe ameridhia alisema, "Fanyeni. Nitakuja, lakini chakula chao sitakigusa." Na Lubaba, ambaye siku zote zile alikuwa akiomba juu ya mswala kwamba kiburi cha mkwe wake kisimame imara, kimwokoe, aliukunja mswala wake. Mlango wa mwisho aliotegemea ubaki umefungwa ulifunguliwa na watu wema, kwa sababu njema, nao walikuwa wakimpongeza.

Alijaribu mara moja zaidi. Alijifunika, akatoka nje ya ukuta kwenda kumwona binti, akitumaini kumvunja moyo ili akatae mwenyewe. Jumana alimkaribisha kwenye mkeka safi, akamletea maji. Lubaba alipoinua macho aliona uso wa Shamma, paji lile lile, na ule mtindo wa kuinamisha kichwa upande anaposikiliza.

"Mwanangu," akaanza. "Nyumba yetu ni nzito. Utachekwa. Kila utakachokishika watakinusa."

"Nimenuswa tangu nilipoanza kutembea, mama," Jumana akasema. "Kama hilo ndilo ulilokuja nalo, nimelisikia. Lakini nilidhani umekuja na jingine, maana umeshika kikombe na hujanywa."

Lubaba akaweka kikombe chini. Akauliza, "Mama yako ulimjua?"

"Kidogo. Nakumbuka alikuwa akisimama barabarani wanafunzi wa chuo cha Kurani wakipita. Baba alimuuliza anamtazama nani. Akasema anatazama tu."

Lubaba aliondoka bila kuaga vizuri. Njiani alijiambia kwamba atamwambia Kadhi. Alipofika mlangoni kwa Kadhi alimkuta Bibi Atika akitoka kuuliza saa ya ndoa, wakarudi nyumbani pamoja.

Siku ya ndoa ikafika. Ilikuwa desturi yao ndoa kufungwa nyumbani kwa bibi harusi, kwa hiyo wakubwa wa mji walitoka nje ya ukuta wakiwa na majoho yao, wakaketi katika ua wa Sabihi. Watengeneza ngozi walikuwa wamefukia mashimo yao kwa mchanga na kuchoma ubani tangu alfajiri. Mmoja wao, mzee mwenye meno machache, alimnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyosikika na wote, "Leo upepo umegeuka. Wakubwa wamekuja wenyewe kunusa." Watu wakacheka pande zote mbili, na ua ukapata nafasi ya kupumua.

Wanawake walikaa nyuma ya pazia. Bibi Atika alikuwa na kitambaa cha marashi puani. Jumana aliketi katikati, hina ikiwa bado nyekundu mikononi, na Lubaba aliketi karibu naye hata mabega yakagusana.

Kadhi Jubayri alikuwa na desturi ambayo vijana walimtania kwayo, wakisema inapoza wali. Hakufunga ndoa yoyote mpaka aulize mara tatu, mbele ya wanaume na wanawake, kama kuna mwenye kujua kizuizi. Akahutubia, akamsalia Mtume, kisha akauliza:

"Enyi mliohudhuria, nawauliza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kuna anayejua kati ya hawa wawili kizuizi cha damu, au cha maziwa, au cha ndoa nyingine?"

Lubaba alimtazama mumewe kupitia tundu la pazia. Alimkumbuka yule mke wa kwanza, aliyeondoka na sanduku lake kichwani, hakuna aliyemsindikiza.

Kadhi akauliza mara ya pili. Jumana, akidhani mkwe wake mtarajiwa anaumwa, akamshika mkono kwa upole. "Mama, umekuwa baridi," akanong'ona.

Ulikuwa mkono huo uliomfungua kinywa. Kadhi alipovuta pumzi kuuliza mara ya tatu, sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Kadhi, ngoja. Kipo."

Ua wote ukageuka. Kadhi alikuwa mtu mwenye huruma, na aliijua sauti. Akasogea karibu na pazia, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi Lubaba, kama ni neno la siri, niambie mimi peke yangu. Nikilikuta ni la kweli nitawaambia watu kwamba ndoa haitafungwa, wala sitataja sababu. Heshima yako itabaki."

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, mpana, na aliyeufungua ni mtu mwaminifu. Mwanawe angeokoka na haramu. Nyumba isingejua kitu. Lubaba akamtazama binti aliyekuwa bado ameushika mkono wake.

"Ukiivunja bila kutaja sababu," akasema, "watu watasema ni ngozi. Watamwambia huyu mtoto mpaka anazeeka kwamba tulifika mlangoni kwake, tukanusa, tukarudi. Hapana. Acha wasikie."

Akasimama, akasema kwa sauti iliyowafikia wote, "Mundhiri si mume wa Jumana. Ni kaka yake. Maziwa yangu yalikauka kabla hajamaliza mwezi. Aliyemnyonyesha akaishi ni Shamma, mke wa Sabihi, miezi mingi, kila mchana, mpaka akashiba na kulala. Nilimwapisha asiseme. Akanyamaza mpaka akaingia kaburini, na mimi nikamwacha."

Bibi Atika akashusha kitambaa. "Kwa hiyo umekaa nyumbani kwangu miaka yote hii kwa uongo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikiwaonyesha wageni mashavu ya mtoto!"

"Ndiyo, mama. Nilikuogopa."

Kadhi akamgeukia Sabihi, ambaye uso wake ulikuwa umebadilika. "Unajua lolote, Sabihi? Ushahidi wa mtu mmoja katika jambo hili wanazuoni wana maneno nao."

Sabihi akasogea mbele. "Niliporudi kutoka milimani," akasema, "kaburi la mtoto wetu lilikuwa limekwisha kuota majani, na mke wangu bado alikuwa na maziwa. Nikamuuliza, imekuwaje? Akasema, Mungu hasahau. Nikadhani ni huzuni inayosema." Akafuta macho kwa mkono wake wenye rangi ya magome. "Hakuwahi kusema uongo. Nikaliacha."

Kadhi akasema, "Imetosha. Ndoa hii haipo."

Sasa watu wakamtazama Ghalibu, na Lubaba naye akamtazama, kwa kuwa neno moja la mtu huyo lingeweza kumtoa kama lilivyomtoa mwenzake. Ghalibu alisimama. Alikuwa amekasirika, shingo yake ilionyesha. Kisha akaketi tena kama mtu aliyechoka kwa safari.

"Yule wa kwanza," akasema mwishowe, na hakuwa akimwambia mtu hasa, "sikumuuliza hata kama alikuwa na homa."

Talaka hakuitamka siku ile, wala siku zilizofuata.

Wapo wanaosimulia kwamba Bibi Atika ndiye aliyefuata kusema. Alisema polepole, macho yakiwa kwenye mkeka, "Mimi mama mkwe wangu alikuwa akisimama mlangoni nikinyonyesha. Anasimama, anatazama kama kweli yanatoka. Nilikuwa na umri wa huyu binti." Hakuomba radhi. Huenda hakujua namna. Lakini sahani ya wali ilipopitishwa, wali uliokwisha kupoa, alinyoosha mkono akala.

Mundhiri alikuwa bado ameketi pale alipowekwa kama bwana harusi, kilemba kipya kichwani. Alikuwa amepoteza mke na kupata mama aliyekwisha kufa, vyote katika kikao kimoja, na hakujua alie kwa lipi. Alikwenda kwanza kwa Sabihi. Akaushika mkono wake, mkono ambao watu wa mjini hawakuupokea, akaubusu kama mtoto anavyoubusu mkono wa mzazi.

"Baba," akasema, "sikuja kumsalimia mama. Sikujua."

"Yeye alikuja kukusalimia wewe," Sabihi akajibu. "Kila ulipopita kwenda chuoni. Ndio kwanza leo najua alikuwa akimtazama nani."

Kisha Mundhiri akasimama mbele ya pazia. Wanawake wakajifunika haraka, lakini Kadhi akasema, "Mwacheni. Kati yake na dada yake hakuna pazia."

Jumana mwenyewe ndiye aliyelivuta. Wakatazamana kwa mara ya kwanza, na macho ya Jumana yalikuwa mekundu kuliko hina.

"Ningependa kuambiwa mapema," akasema. "Ningekuwa na kaka nilipokuwa mdogo. Walikuwa wakinitupia mawe kisimani, na sikuwa na wa kumwita."

Mundhiri akakivua kile kilemba kipya, akaketi mbele yake.

Ndugu yangu msomaji, usiharakishe kumhukumu yeyote katika kisa hiki. Wote walikuwa watu wa sala, na hata Kadhi na kijana walipopigania usawa wa waja mbele ya Mola wao, walipigania haki. Jambo lililowasogeza karibu na haramu lilikuwa dogo kuliko hilo: mama mmoja aliona kwamba kuaibika mbele ya watu ni kuzito kuliko kumshukuru mwanamke aliyemwokolea mtoto. Huenda Mwenyezi Mungu alimpokea Lubaba alipoisema kweli, na tunamwombea hivyo. Lakini kuna watoto wawili waliokua umbali wa ukuta mmoja bila kujuana, na kweli hiyo, hata iliposemwa, haikuweza kuwarudishia utoto wao. Basi aliye na mtu wa kumshukuru, ambaye jamaa zake wanamwonea haya, na amwendee leo angali hai.